Bimu ya mita 4 juu ya fremu: inapindia wapi, inakatika wapi, na ringi zibanane wapi

Swali: "Najenga fremu mbili za duka Uyole. Kila moja ina uwazi wa mita 4 mbele, nguzo ni tatu, za sentimita 23. Juu nataka vyumba vya kuishi, kwa hiyo kutakuwa na slabu na ukuta wa tofali za kuchoma. Fundi amenichorea bimu ya sentimita 23 kwa 45, nondo nne za milimita 12, mbili chini na mbili juu, na ringi za milimita 6 kila baada ya sentimita 30, mwanzo hadi mwisho. Bimu ya jirani ina nyufa: kadhaa nyembamba zimesimama wima katikati, na mmoja umelala mshazari karibu na nguzo. Fundi anasema zote ni za plasta. Je, vipimo vyake vinatosha? Na stoo ya nyuma nikiweka dari la mbao za Mafinga, 2 kwa 6, niangalie nini?"

Jibu fupi kwanza. Kimo cha bimu kinafaa. Nondo za chini ni chache, za juu ya nguzo ya kati ni chache zaidi, na ringi zimeachana mno. Kwa jirani, nyufa za katikati huenda zisiwe tatizo, ila ule wa mshazari unatakiwa kupigiwa mirunda leo, si kesho. Sasa sababu.

Mzigo ukikaa juu ya bimu, bimu inabonyea hata kama jicho halioni. Upande wa juu unafupika, kwa hiyo zege la juu linabanwa. Upande wa chini unarefuka, kwa hiyo zege la chini linavutwa. Mahali fulani katikati ya kimo hapabanwi wala hapavutwi, na kadiri unavyotoka hapo kwenda juu au chini mkazo unaongezeka, hadi unafika kilele kwenye uso wa juu kabisa na wa chini kabisa. Huo ndio mkazo wa kupinda. Unatokana na momenti, yaani kani ikizidishwa kwa umbali. Kwa bimu iliyolala juu ya nguzo mbili, momenti ni kubwa katikati ya uwazi na inakwisha kwenye nguzo.

Pamoja na kupinda kuna kukatwa. Mzigo wote lazima uteremkie kwenye nguzo. Chora kwa mawazo mstari wa wima kwenye bimu, hatua moja kutoka kwenye nguzo: kipande cha upande wa katikati kinataka kushuka, kipande cha upande wa nguzo kinakizuia. Kani inayopita kwenye mstari huo ni sifuri katikati ya uwazi, na kwenye nguzo inafikia nusu ya mzigo wote. Kwa hiyo kila jambo lina makao yake: kupinda kunatawala katikati, kukatwa kunatawala miisho. Mchoro wenye ringi za nafasi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho tayari unakuonyesha kwamba aliyeuchora hakulifikiria hilo.

Kukatwa hakuendi wima tu. Chukua mbao nne za inchi moja, zipange moja juu ya nyingine bila kuzipigilia, ziegemeze kwenye tofali mbili, kisha bonyeza katikati. Tazama ncha zake: kila ubao umeteleza kidogo juu ya mwenzake. Sasa zigandishe kwa gundi nzuri zisiteleze, na rundo lilelile linakuwa na nguvu mara 4 na ugumu wa kutopinda mara 16. Kile kilichozuiwa kisiteleze ndicho mkazo wa kukata wa mlalo. Ndani ya bimu ya zege upo vilevile, na tabia yake ni kinyume cha ule wa kupinda: kwenye uso wa juu na wa chini ni sifuri, katikati ya kimo ndipo unapokuwa mkubwa zaidi. Kwa kipande cha mstatili, kilele hicho ni mara moja na nusu ya wastani.

Sasa chora mraba mdogo ubavuni mwa bimu, katikati ya kimo, karibu na nguzo. Unasukumwa juu upande mmoja na chini upande wa pili, huku ukitelezeshwa kwa mlalo. Mraba unakaa upande, ulalo mmoja unarefuka na mwingine unafupika. Kurefuka ni kuvutwa, na nguvu ya zege katika kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yake katika kubanwa. Linapasuka kwa kuukatiza ulalo uliorefuka, kwa nyuzi 45 hivi: ufa unaanzia chini karibu na nguzo na kupanda kuelekea katikati ya bimu. Nondo za chini zinalala sambamba na bimu, kwa hiyo zinaugusa ufa huo kwenye mguu wake tu. Kinachoushona ni miguu ya wima ya ringi. Wapo wanaodhani kazi ya ringi ni kushikilia nondo zisitawanyike wakati wa kumwaga zege. Kwenye mita ya kwanza kutoka nguzo, ringi ndiyo inayobeba.

Twende kwenye mzigo wako. Nianze na uwazi mmoja wa mita 4, kana kwamba bimu imelala tu juu ya nguzo mbili, na slabu ya sentimita 15 inayokuja kutoka ukuta wa nyuma ulio mita 3. Nusu ya slabu, yaani mita 1.5, inaegemea bimu hii. Kwa kila mita ya bimu: uzito wa bimu yenyewe kN 2.6 (kN moja, yaani kilonewtoni, ni uzito wa kama kilo 100), slabu pamoja na sakafu kN 7.5, ukuta wa tofali za kuchoma wa unene wa sentimita 23 na kimo cha mita 2.7, pamoja na plasta, kN 12.5, paa la bati kN 1.4. Jumla kN 24. Watu na samani ongeza kN 3. Hiyo ni kN 27 kwa mita, karibu tani 11 kwa kila uwazi. Ona kwamba ukuta peke yake ni karibu nusu. Tofali za kuchoma ni nzuri kwa baridi ya Mbeya, lakini bimu inazilipia.

Kwa utaratibu wa BS 8110, kanuni ya Uingereza ya kusanifu zege, ambao bado unatumika sana Tanzania, uzito wa kudumu unazidishwa kwa 1.4 na wa watumiaji kwa 1.6. Tunapata kN 38.4 kwa mita. Momenti katikati ni mzigo mara urefu mara urefu, gawa kwa 8: kNm 76.8 (kN ikizidishwa kwa mita). Kani ya kukata kwenye nguzo ni mzigo mara urefu, gawa kwa 2: kN 76.8. Namba zimelingana kwa sababu tu urefu ni mita 4. Usizichanganye.

Kabla ya kuweka chuma, tazama zege tupu lingepata nini kwa mzigo wa kawaida usiozidishwa. Momenti ni kNm 54, na mkazo wa kuvuta kwenye uso wa chini ungekuwa karibu N/mm² 7, yaani newtoni 7 kwa kila milimita ya mraba. Zege zuri la nyumba linaachia kwenye kupinda kabla ya nusu ya hapo au karibu yake. Maana yake bimu yoyote ya namna hii itapasuka chini katikati, hata iliyojengwa vizuri. Ndiyo kazi yake: zege linapasuka kidogo, nondo inapokea. Swali ni kama nondo inayopokea ni ya kutosha.

Nondo mbili za 12 zina eneo la mm² 226. Kwenye momenti hiyo ya kawaida zingevutwa kwa zaidi ya N/mm² 600, wakati nondo ya daraja la 460 ikifika 460 inaanza kurefuka na hairudi. Hapo bado hatujaweka usalama wowote. Kwa momenti iliyozidishwa, na zege lenye nguvu ya kubanwa ya N/mm² 25, unahitaji mm² 490. Nondo nne za 12 zinatoa 452, hazifiki. Nondo tatu za 16 zinatoa 603. Weka hizo.

Wajenzi wengine wanataka kubana gharama kwa kupunguza kimo cha bimu kuwa sentimita 30. Usikubali. Nguvu ya kupinda inakua kwa mraba wa kimo, kwa hiyo 45 dhidi ya 30 ni mara 2.25, si mara moja na nusu. Kwa mzigo wako, kwenye sentimita 30 zege la juu lingesagika kabla nondo ya chini haijaanza kurefuka, na hakuna dalili itakayokutangulia. Kuongeza upana hakukuokoi kwa kiasi hicho.

Ringi sasa. Zege lenyewe, likisaidiwa na nondo tatu za 16, linabeba kama kN 50 za kukata. Ringi za milimita 6 kila sentimita 30 zinaongeza kN 18 tu. Jumla 68, wakati usoni mwa nguzo zinadaiwa 77. Tena kuna kiwango cha chini kabisa ambacho bimu haipaswi kushuka hata hesabu ikiruhusu, na kwa ringi ya 6 kwenye upana huu ni nafasi isiyozidi milimita 145. Fundi ameacha nafasi mara mbili ya hiyo. Tumia ringi za milimita 8: kila sentimita 15 kwenye mita ya kwanza kutoka kila nguzo, kila sentimita 20 katikati. Hata kwenye zile za sentimita 20 uwezo unafika kN 98.

Sasa nguzo ya kati, ambako vipimo vya fundi vina kasoro kubwa kuliko zote. Bimu yako ni moja inayopita juu ya nguzo tatu. Juu ya nguzo ya kati haibonyei, inajikunja kinyume: uso wa juu ndio unaovutwa na wa chini unabanwa. Kwa nafasi mbili sawa zenye mzigo sawa, momenti juu ya nguzo hiyo ni kNm 76.8, ileile tuliyoipata, ila imegeuzwa. Ndani ya nafasi zenyewe inashuka hadi kama 43. Na mzigo haugawanyiki nusu kwa nusu tena: kila uwazi unaegemeza sehemu tano kati ya nane kwenye nguzo ya kati, kwa hiyo kani ya kukata hapo inapanda hadi kN 96 kila upande. Ndiyo maana nimependekeza ringi zenye uwezo wa 98 hata pale zilipoachana.

Juu ya nguzo ya kati, basi, nondo mbili za 12 hazifai. Zipitishe hizo mbili mwanzo hadi mwisho, kisha ongeza vipande viwili vya 16 vyenye urefu wa mita 3, mita 1.5 kila upande wa nguzo. Jumla mm² 628. Usiongeze cha tatu kwa kudhani zaidi ni bora: ndani ya ringi una milimita 154, ukiweka nondo tano nafasi kati yake inabaki milimita 20, na kokoto ya milimita 20 inakwama juu. Chini yake unabaki uwazi uliojaa vishimo, mahali palepale penye kazi nzito. Kwa nondo nne nafasi ni milimita 33, zege linapita.

Kwa nini nisikwambie upunguze nondo za chini, kama momenti ya ndani imeshuka hadi 43? Kwa sababu nguzo ya kati inabeba mzigo mkubwa kuliko za pembeni, na udongo wa Uyole wenye majivu na mawe mepesi ya volkano hauko sawa kila hatua. Nguzo hiyo ikizama milimita chache, bimu inaanza kurudi kwenye tabia ya uwazi mmoja na tumbo lake linahitaji chuma chote. Fanya na msingi wa nguzo ya kati uwe mpana kuliko wa zile mbili.

Kukata chuma kunakwenda vizuri kwa urefu huu. Nondo inauzwa mita 12. Bimu ya nafasi mbili inahitaji mita 8.8 hivi pamoja na sentimita 30 zilizokunjwa kwenda juu kila mwisho, kwa hiyo nondo za chini zinapita bila kiungo, na mabaki ya mita 3 ndiyo vipande vyako vya juu ya nguzo ya kati. Pima kabla ya kulipa, maana nondo nyingine hazitimii mita 12. Kama itabidi kuunga nondo ya 16, vipishane sentimita 80. Za chini ziungwe karibu na nguzo, za juu ziungwe katikati ya uwazi. Fundi akiunga za chini katikati, ameweka udhaifu mahali pa mvuto mkubwa.

Ringi ina vipimo vya nje vya milimita 170 kwa 390, kata mita 1.3 pamoja na ndoano. Utahitaji kama 23 kwa kila uwazi, 46 kwa jumla, na nondo moja ya 8 inatoa 9, kwa hiyo nunua sita. Ndoano zikunjwe ziingie ndani ya zege, nyuzi 135, zisiishie pembe ya 90. Ringi ya pembe ya 90 inafunguka zege la nje likibanduka, na huku tuko kwenye Bonde la Ufa: tetemeko la Desemba 1910 upande wa Rukwa lilikuwa la 7.4. Ndoano ya kila ringi ikae kona tofauti na ya jirani yake. Ringi ya kwanza iwe sentimita 5 kutoka uso wa nguzo. Chini weka vibiskuti vya zege vya milimita 30, si vipande vya tofali ya kuchoma, vinanyonya maji na kuipelekea nondo kutu.

Hesabu zote hizi zimesimama juu ya zege la 25, kwa hiyo mchanganyiko ni 1 kwa 1½ kwa 3. Tengeneza sanduku la ndani sentimita 35 kwa 35 kwa 28.5, ambalo ni ujazo wa mfuko mmoja wa kilo 50. Mfuko mmoja, sanduku moja na nusu la mchanga, matatu ya kokoto ngumu, maji lita 25 na yapungue mchanga ukiwa umelowa. Mawe mepesi ya volkano yasiingie kama kokoto, hata yakiwa bei poa. Maji ya ziada ili "zege litembee" ndiyo yanayoshusha 25 kuwa 15 bila mtu kujua. Mwagilia au funika kwa magunia mabichi siku 7. Mirunda ikae siku 21, na ukuta wa juu usianze kabla ya siku 28. Juni na Julai usiku wa Mbeya ni wa baridi na zege linakomaa polepole, usifupishe.

Jambo moja linaloharibu bimu nzuri: fundi bomba. Akija na tindo kutoboa njia ya bomba la inchi 4 pembeni ya nguzo, anaondoa zege na ringi pale pale kani ya kukata ilipo kubwa. Panga njia za mabomba kabla ya kumwaga, zipite nje ya bimu.

Sasa nyufa za jirani. Bandua plasta kidogo juu ya kila ufa. Ufa ukiishia kwenye plasta, fundi wako ana haki. Ukiendelea kwenye zege, tazama mwelekeo na upana. Nyufa za wima katikati, zilizoanzia chini, nyembamba kuliko milimita 0.3, ndizo zile tulizosema haziepukiki. Weka alama ya penseli kwenye ncha ya kila ufa na uandike tarehe. Zikipanda au kupanuka mwezi hata mwezi, nondo ni chache. Kupinda kunatoa onyo namna hiyo kwa sababu nondo inarefuka kabla ya kukatika. Kukatwa hakuonyi hivyo. Ufa wa mshazari uliopita kwenye zege karibu na nguzo una maana ringi hazitoshi au hazipo, na hatua inayofuata inaweza kuwa ya ghafla. Mirunda minene ya mlingoti isimamishwe chini ya bimu pande zote za ufa, juu ya ubao mpana, mzigo wa juu upunguzwe, na mhandisi aliyesajiliwa aitwe. Kuziba kwa saruji na kupaka rangi kunaficha dalili tu.

Dari la stoo ni jepesi zaidi. Paina ya 2 kwa 6, uwazi wa mita 3, kila sentimita 40, kwa vitu vya kawaida vya stoo inapata mkazo wa kupinda wa N/mm² 5 hivi, ikisimamishwa kwa ubavu. Ukiilaza, ubao uleule unapata 15 hivi na unabonyea mara 9 zaidi. Kwenye mbao kukatwa kunafuata nyuzi, ndiyo maana mbao inapasuka kwa mlalo mwishoni. Fundi asichonge nusu ya kimo ili ikae vizuri ukutani. Kwenye kona ya mchongo ndipo ufa unapoanzia na kukimbia na nyuzi. Kama ni lazima ishuke, shusha kitako cha ukuta badala ya kuchonga ubao. Chagua mbao zisizo na vifundo upande utakaokaa chini, hasa theluthi ya katikati, na zilizokauka. Zinazotoka Mafinga zikiwa bado mbichi zitaendelea kubonyea miezi mingi baada ya kupanga vitu.

Mwisho, tenki la maji, maana juu ya nyumba za ghorofa halikosekani. Lita 2,000 ni kN 20. Likikaa juu ya bimu katikati ya uwazi wa mita 4, kwa hesabu ya uwazi mmoja linaongeza momenti ya kNm 20 kabla ya kuzidisha kwa usalama, na hilo halimo kwenye namba nilizokupa. Lipange lisimame juu ya nguzo, au mhandisi alihesabu upya pamoja na mchoro kabla hujapeleka maombi ya kibali halmashauri.